Mvuke, spiriti, klorini, miale au antibiotiki: chagua kwa kuangalia kinachobaki

Wanaoanza kazi ya maabara huniuliza swali lile lile: katika njia zote hizi za kuua bakteria, ipi kali kuliko zote? Huwa nasita kulijibu, kwa sababu ukali peke yake haukusaidii kuchagua. Klorini ni kali, lakini itautafuna mkasi wako kwa kutu. Miale ya gama ni mikali zaidi, lakini inataka mtambo wenye kuta nene za zege. Mimi huuliza upande wa pili: njia hii ikishamaliza kazi yake, imeacha nini?

Mabaki ni ya aina tatu. Kuna seli hai zilizoponea chupuchupu. Kuna spora, yaani bakteria aliyejifungia ndani ya ganda akingoja hali iwe nzuri. Na kuna jeni: seli imekufa, lakini DNA yake bado ipo, na jirani aliye hai anaweza kuiokota.

Hilo la tatu husahaulika, ingawa lilionekana zamani. Mwaka 1928 Frederick Griffith, Mwingereza, alichukua bakteria wa nimonia wa aina mbili: wenye utando wa nje, ambao huua panya, na wasio na utando, ambao hawamdhuru. Wale wauaji akawaua kwa joto, akawachanganya na wale wapole walio hai, akawadunga panya. Panya wakafa, na ndani yao wakapatikana bakteria hai wenye utando. Wapole walikuwa wamechukua kitu kutoka kwa maiti za wenzao. Mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty walionyesha kwamba kitu hicho ni DNA. Kwa hiyo joto la wastani liliua seli na kuacha maelekezo yake salama. Nitalirudia jambo hili mwishoni, pale linapokuwa na uzito kwenye ndoo ya taka.

Mvuke au joto kavu

Nianze na joto, maana ndilo ninaloliamini kuliko yote. Otoklevu, yaani chungu cha mvuke kinachofungwa kwa shinikizo, hufanya kazi kwa nyuzi 121 za Selisiasi kwa dakika 15, chini ya shinikizo karibu mara mbili ya lile la hewa ya kawaida. Tanuri la joto kavu linahitaji nyuzi 160 kwa saa 2, au 170 kwa saa 1, au 180 kwa nusu saa. Kwa nini tofauti iwe kubwa namna hiyo? Ukiingiza mkono ndani ya tanuri la nyuzi 180 na kuutoa upesi, utahisi joto tu. Ukiupitisha juu ya mdomo wa birika linalochemka, umeungua. Mvuke unapogusa kitu baridi hugeuka maji na kuachia joto lote uliokuwa umelibeba, na maji hayo ndiyo yanayosaidia protini za seli kukunjuka na kuharibika. Hewa kavu haina msaada huo. Yenyewe huua polepole, kwa kuunguza.

Kwa hiyo mvuke ni wa michuzi ya kuoteshea bakteria, nguo, vyombo vya chuma na taka. Tanuri liachie unga, mafuta na vioo vinavyotakiwa kubaki vikavu. Mvuke haupenyi ndani ya mafuta hata ukipika kutwa nzima.

Na kuchemsha tu? Nyuzi 100 huua bakteria wanaokua ndani ya dakika chache. Spora haziui. Hapa ndipo jenetiki inapoingia, kwa sababu spora ni mpango ulioandikwa kwenye jeni za seli, unaongoja njaa ili uanze. Chakula kikipungua, protini moja inayoitwa Spo0A huwasha msururu mzima: seli inajigawa vipande viwili visivyolingana, kipande kikubwa kinameza kidogo, kisha kinakivika tabaka juu ya tabaka. Maji hutolewa kwenye kiini, mahali pake huingia kalsiamu na asidi ya dipikolini, na protini ndogondogo huikumbatia DNA isidhurike. Ukimaliza kuchemsha na maji yakapoa, spora huota tena. John Tyndall alilitambua hilo mnamo 1877 akalitumia vizuri: pasha moto, acha hadi kesho ili spora ziote na kuwa seli laini, pasha tena, kisha siku ya tatu vivyo hivyo. Njia hiyo bado inafaa kwa vitu visivyostahimili nyuzi 121, mradi kitu chenyewe kina chakula cha kuziamsha spora. Kwenye maji matupu haziamki, na hila yote inaharibika.

Jambo moja ambalo watu hulikosea: joto haliui wote kwa mpigo. Linaua kwa sehemu. Ikiwa dakika moja inaua asilimia 90, basi bakteria 1,000,000 watabaki 100,000, kisha 10,000, na kuendelea. Ndiyo maana chombo kichafu sana kinahitaji muda mrefu kuliko kisafi, kwa joto lile lile. Spora za Clostridium botulinum hupungua kwa asilimia 90 kila sekunde 13 hivi katika nyuzi 121, na viwanda vya vyakula vya makopo huhesabu punguzo hilo mara 12 mfululizo, kiasi cha dakika 2 na nusu. Hesabu hiyo inahusu katikati ya kopo. Ukingo haumo.

Hilo la katikati nililipata kwa aibu. Wakati mmoja nilijaza otoklevu chupa za lita 2, zimebanana bega kwa bega, nikaweka dakika 15 kama kawaida. Utepe wa kuonyesha joto ukabadilika rangi, mistari myeusi safi kabisa. Baada ya siku mbili kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, chupa nne zilikuwa na utando juu, mweupe, wenye mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Utepe haukuwa umenidanganya. Ulisema tu kwamba ngozi ya nje ya chupa ilipata moto. Tangu hapo chupa kubwa nazipa muda zaidi, naacha nafasi mvuke upite, na mara kwa mara naweka katikati ya mzigo kichupa chenye spora za Geobacillus stearothermophilus. Hao ndio mashahidi ninaowaamini: nikiwaotesha baadaye wasiote, mzigo umeiva.

Joto la kupasteurisha, nyuzi 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15, ni la maziwa na vinywaji. Linaondoa wanaoleta maradhi bila kuharibu ladha, na linabakiza wengine wengi pamoja na spora. Usilitumie pale unapohitaji utakaso kamili.

Spiriti au klorini

Mkono wako na meza yako havitaingia kwenye otoklevu, kwa hiyo hapa uchaguzi ni kati ya hizi mbili.

Spiriti nzuri ni yenye alkoholi asilimia 60 hadi 80, na 70 ndiyo iliyozoeleka. Ya asilimia 95 ni dhaifu zaidi kwa kazi hii, jambo linalowashangaza wengi. Sababu ni ile ile ya mvuke: maji yanahitajika ili protini zivurugike. Spiriti kali mno hukausha na kugandisha nje ya seli kabla haijapenya ndani. Faida yake kubwa ni kasi, na kwamba haiachi chochote juu ya ngozi. Ubaya wake ni huo huo: inayeyuka hewani upesi, kwa hiyo ukipangusa meza kwa kitambaa chenye unyevunyevu tu, imekauka kabla haijafanya lolote. Lowesha. Subiri ikauke yenyewe. Na usiwashe moto karibu.

Spora haizigusi kabisa. Mgonjwa anayeharisha kwa sababu ya Clostridioides difficile anaacha spora kila anapogusa, na mhudumu anayejipaka spiriti mikononi anazihamisha tu kutoka kidole hadi kidole. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, ambayo hayaui spora bali yanazichukua na kwenda nazo.

Klorini inaua spora, ikiwa na nguvu ya kutosha na ikipewa muda. Mwaka 1847, huko Vienna, Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari wanawe mikono kwa chokaa yenye klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana, miaka mingi kabla dunia haijakubali kwamba bakteria ndio wenye hatia. Klorini inaunguza kila inachokutana nacho: protini, mafuta ya utando, asidi za kiini. Tatizo ni hilo la “kila inachokutana nacho.” Haitofautishi bakteria na damu, matapishi au vumbi. Ukiimwaga juu ya uchafu, inajimaliza kwenye uchafu. Safisha kwanza, ndipo uitie.

Hesabu ya kuizimua ni nyepesi: gawanya asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayotaka, toa 1, jibu ndilo idadi ya sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Chupa ya asilimia 5, unataka 0.5 kwa ajili ya damu iliyomwagika: 5 ÷ 0.5 = 10, toa 1, sehemu 9 za maji. Chupa ya 3.5: sehemu 6. Changanya ya leo leo, kwa maana mwanga na joto huidhoofisha. Usiichanganye na siki au dawa yoyote yenye asidi, itatoa gesi ya sumu; wala na amonia.

Je, bakteria wanaweza kuizoea spiriti? Mwaka 2018 watafiti wa Australia walieleza kwamba Enterococcus faecium waliochukuliwa hospitalini miaka ya karibuni walistahimili spiriti iliyozimuliwa kuliko wale wa miaka ya nyuma. Iliyozimuliwa. Ndani ya majimaji nguvu kamili bado iliwaua, ingawa ilipotumiwa kupangusa vizimba vya panya baadhi yao waliponea. Ninachokichukua hapo ni kwamba anayeongeza maji kwenye chupa ya spiriti ili idumu, anawapa mazoezi.

Miale na chujio

Taa ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254 inaipiga DNA yenyewe. Herufi mbili za thimini zilizo jirani zinashikamana, na mashine ya kunakili inakwama hapo. Inavutia kwa kuwa haina harufu wala majimaji. Lakini inaua kinachoonekana nayo tu. Kivuli, vumbi, kioo cha kawaida, hata kifuniko cha plastiki huikinga.

Ukitaka kuliona hili, tandaza Serratia marcescens kwenye sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, hao wenye rangi nyekundu kama damu. Funika nusu ya sahani kwa kifuniko chake, washa taa kwa sekunde kadhaa, kisha otesha usiku mmoja gizani. Asubuhi sahani niliyoifanyia hivyo ilikuwa imekatwa katikati kama kwa kisu: upande mmoja zulia jekundu, upande wa pili agari tupu yenye koloni za kuhesabika kwa vidole. Mbili kati ya hizo zilikuwa nyeupe. Zilinusurika, lakini jeni ya rangi ilikuwa imeharibika, na kila kitukuu chao alizaliwa mweupe. Sahani ya pili niliipiga taa kwa muda ule ule, ila kabla ya kuiotesha niliiacha saa moja dirishani kwenye mwanga wa mchana. Ilikuwa na koloni nyingi zaidi upande ule uliopigwa. Bakteria wengi wana kimeng'enya kinachotumia mwanga wa kawaida kubandua thimini zilizoshikamana. Albert Kelner aliielezea hali hiyo ya kurudishwa na mwanga mwaka 1949.

Kwa hiyo taa hii ni nyongeza. Washa baada ya kupangusa, usiwashe badala ya kupangusa. Dozi ndogo yake inabakiza jambo baya kuliko zote: seli hai zenye mabadiliko mapya ya jeni.

Miale ya gama kutoka kobalti-60 ni kitu kingine. Inapenya boksi zima la sindano zilizokwisha fungwa, na dozi iliyozoeleka ni kilogrei 25, kipimo cha miale ambayo kitu kimeifyonza. Haikuhusu isipokuwa unanunua vifaa vilivyotakaswa nayo. Kuna bakteria wa kuutia utani utaratibu huu, Deinococcus radiodurans, aliyepatikana mwaka 1956 kwenye nyama ya kopo iliyopigwa miale. DNA yake huvunjika vipande mamia naye anaviunga upya ndani ya saa chache.

Chujio lenye matundu ya mikromita 0.22 haliui mtu. Linawazuia mlangoni. Ni la vimiminika vinavyoharibiwa na joto: miyeyusho ya antibiotiki, vitamini, seramu. Virusi hupita, na mikoplazma, bakteria wadogo sana ambao hawana ukuta wa seli na hujipenyeza, hupita pia. Gesi ya oksidi ya ethilini inafaa kwa plastiki na vifaa vya kielektroniki visivyostahimili mvuke, lakini ni sumu, inawaka, inahusishwa na saratani, na vifaa vinahitaji muda mrefu wa kupunga hewa. Mwenye otoklevu asiitamani.

Zinazopiga mahali pengi na zinazopiga mahali pamoja

Mvuke, spiriti na klorini zinavunja seli mahali pengi kwa wakati mmoja. Bakteria hawezi kubadili jeni moja akaokoka, kama vile mtu hawezi kuzuia nyumba isiungue kwa kubadilisha kitasa. Antibiotiki nyingi zinapiga mahali pamoja, na hapo kitasa kinatosha. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hushika kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA. Badiliko la herufi moja kwenye jeni ya rpoB linaweza kuifanya ikose pa kushika.

Watu husema dawa “inawafanya” bakteria wawe sugu. Mwaka 1952 Esther na Joshua Lederberg waliijibu hoja hiyo kwa kitambaa cha mahameli. Walikibonyeza juu ya sahani yenye koloni, wakakibonyeza tena kwenye sahani zenye dawa, kama muhuri. Koloni sugu ziliota mahali pale pale kwenye sahani zote, na walipoirudia sahani ya kwanza, ambayo haikuwahi kuona dawa, wakawakuta sugu wamekaa pale pale. Usugu ulitangulia. Dawa iliwafagia wengine tu na kuwaachia uwanja.

Hesabu yake inatisha kidogo. Makadirio ya kawaida ni kwamba mmoja katika bakteria milioni 100 wa kifua kikuu ana badiliko la kumkinga na rifampisini, na mmoja katika milioni moja ana la kumkinga na isoniazidi, dawa nyingine ya ugonjwa huo. Zidisha: mwenye yote mawili ni mmoja katika trilioni 100. Ndiyo sababu kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja. Hesabu hii inashikilia kwa sababu bakteria huyo hapati usugu kwa kuazimana na wenzake plazimidi, yaani vipete vidogo vya DNA vinavyohama kutoka seli hadi seli. Wale wa utumboni wanaazimana. Japani, katika miaka ya 1950, Shigella wa kuhara damu walionekana sugu kwa dawa nne kwa pamoja, na wakaweza kumpa E. coli usugu wote huo kwa kugusana. Plazimidi moja, jeni kadhaa, mguso mmoja. Kuzidisha hakusaidii tena.

Kati ya makundi haya mawili kuna dawa za kusafishia zinazofanana na klorini kwa lebo na antibiotiki kwa tabia. Triclosan iliwekwa kwenye sabuni kwa miaka mingi kwa imani kwamba inavunja kila kitu. Mwaka 1998 ilionekana kwamba inalenga kimeng'enya kimoja cha kutengeneza mafuta, FabI, na badiliko kwenye jeni yake linaleta ustahimilivu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa kwenye sabuni za kunawia za nyumbani pamoja na viambato vingine 18, baada ya watengenezaji kushindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida. Ukiniuliza kati ya sabuni ya “kuua bakteria” na sabuni tu, nitachukua sabuni tu.

Dawa za kundi la amonia za kusafishia sakafu ziko katikati: zinapasua utando vizuri, lakini Staphylococcus aureus wapo wenye jeni za qac, mara nyingi kwenye plazimidi, zinazotengeneza pampu ya kuitema dawa nje. Kwa nguvu iliyoandikwa kwenye chupa bado zinafaa. Kwa ndoo iliyoongezwa maji mara tatu tangu asubuhi, hapana.

Kwa kazi iliyo mbele yako

Vifaa vya chuma vinavyoingia mwilini: osha, kisha otoklevu, bila mjadala. Mikono isiyo na uchafu unaoonekana: spiriti ya 70; yenye uchafu, au kuna mtu anayeharisha: sabuni na maji. Damu sakafuni: funika kwa karatasi, ondoa, safisha, kisha klorini ya 0.5 na uiache ikae. Kimiminika kisichostahimili moto: chujio. Jokofu halimo kwenye orodha, kwa sababu haliui. Linachelewesha, na Listeria anaendelea kukua humo kwenye nyuzi 4. Friza kali ndiyo kabisa: huko ndiko tunakowahifadhia bakteria tunaotaka waishi miaka.

Imebaki ile ndoo ya taka. Kwa sahani za kawaida, klorini ya nguvu ya kutosha na muda wa kutosha inaweza kukutoa. Kwa sahani za bakteria wenye plazimidi za usugu, mimi sikubali chini ya otoklevu, wala sikubali kabisa kuzimwagia spiriti. Spiriti itaua seli, sawa, lakini chumba cha pili tunaitumia spiriti hiyo hiyo kuigandisha DNA na kuitunza isiharibike. Nyuzi 121 zinaikatakata vipande vifupi. Kwa hiyo mfuko unafungwa legelege ili mvuke uingie, unatiwa maji kidogo, unapewa dakika 30 au zaidi kwa kuwa taka hubanana, na kichupa cha spora kinakaa katikati.